Mkoba, Kasha na Chetezo: Mwongozo Kamili wa Vipodozi kwa Mja Mzito wa Lamu

Mja mzito wa Lamu hapambwi na mkoba wake wa vipodozi peke yake. Kuna kasha la mama lenye liwa na dalia, kuna wanja wa mavyaa, kuna piko la fundi wa hina, kuna chetezo kinachowekwa chini ya kanga jioni, na siku hizi kuna krimu aliyotumiwa na wifi kutoka Mombasa au Uarabuni, ndani ya mkebe usio na jina. Ukisoma ushauri mwingi ulioandikwa nchi za mbali utaambiwa uogope parabeni, kihifadhi kinachotiwa kwenye losheni. Parabeni tutaifikia, lakini si ya kwanza wala ya pili. Kwa vitu tunavyojipaka sisi, hatari kubwa imo katika vitatu ambavyo mara nyingi havina hata lebo: krimu ya kung'arisha ngozi, piko na wanja. Mwongozo huu umepangwa kwa uzito huo. Ukichoka katikati, utakuwa umeshasoma yaliyo muhimu.

Namna kemikali inavyomfikia mtoto

Milango ni minne: ngozi, pua, mdomo na jicho. Ngozi nzima hupitisha kidogo. Ngozi iliyochunika, iliyonyolewa au iliyokwisha kukondeshwa na krimu kali hupitisha zaidi. Kitu kikishaingia kwenye damu ya mama, kondo la nyuma haliwezi kukizuia chote. Zebaki hupita. Risasi, yale madini ya lead, hupita. Miezi mitatu ya kwanza ndiyo viungo vya mtoto huumbwa, basi ndiyo ya kujihadhari zaidi. Ila ubongo na figo huendelea kujengeka mpaka mwisho wa mimba na baada yake, kwa hiyo aliyegundua mwezi wa saba bado ana faida kubwa ya kuacha.

Baadhi ya kemikali hutoka mwilini haraka. Katika utafiti wa California uliochapishwa mwaka 2016, wasichana 100 wa eneo la Salinas walibadilishiwa vipodozi vyao kwa siku 3 tu, wakapewa visivyo na parabeni, triklosani (ya kuua vijidudu) wala ftaleti (ya kudumisha harufu). Kipimo cha mkojo kilionyesha methili parabeni imeshuka kwa asilimia 44 na triklosani kwa asilimia 36. Siku tatu! Zebaki huchukua miezi kupungua, na risasi hujificha mifupani kwa miaka. Ndiyo maana hizi mbili zinatangulia.

Hatua ya 1: Toa kila kitu nje

Chukua mkeka, utandike mahali penye mwanga, uani au barazani, uweke hapo kila kinachogusa ngozi, nywele, kucha au pua yako. Toa vya bafuni, vya kwenye mkoba, na vile vilivyosahaulika kwenye zidaka. Usisahau vya wenzako: mafuta ya mume yanakugusa, na sabuni ya nyumba nzima ni yako pia.

Panga mafungu matatu. La kwanza ni vya kuacha leo, la pili vya kupunguza, la tatu vya kuendelea navyo. Kitu kisicho na lebo kiende fungu la kwanza moja kwa moja, hata kama aliyekuuzia ni jirani na anaapa kwa Mungu kwamba ni salama. Yeye pia alikinunua kwa mtu. Ila krimu uliyojipaka eneo kubwa kwa miezi mingi, soma kwanza Hatua ya 2 kabla ya kuikata.

Hatua ya 2: Krimu za kung'arisha na mkorogo

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo watu hunyamaza. Wengi hawaanzi kujichubua kwa kupenda weupe. Wanaanza kwa sababu mimba yenyewe huleta madoa meusi kwenye mashavu na paji la uso, na mtu aliyekuwa maji ya kunde anajiona amegeuka. Madoa hayo ni kazi ya homoni, na kwa wengi hufifia yenyewe miezi kadhaa baada ya kuzaa. Jua huyazidisha. Kwa hiyo dawa yake ya kwanza ni kivuli: ushungi ulioshushwa mbele kidogo, mwavuli ukipita gatini saa sita, na krimu ya kukinga jua yenye zinki oksaidi, ambayo hubaki juu ya ngozi.

Krimu nyingi za dukani za kuondoa madoa huwa na kimoja kati ya vitu vitatu, na mkorogo unaweza kuwa navyo vyote kwa pamoja.

Cha kwanza ni zebaki. Huzuia ngozi kutengeneza rangi, ndiyo maana inafanya kazi, na ndiyo maana inauzika. Huharibu figo za mama na mishipa ya fahamu, na kwa mtoto aliye tumboni huugusa ubongo unaojengwa. Mvuke wake hupanda kutoka ngozini, kwenye taulo na foronya, kwa hiyo hata asiyejipaka nyumbani humo huivuta. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kazi 2017, uliweka kikomo cha miligramu 1 ya zebaki kwa kila kilo ya kipodozi. Mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana kukiondoa hata kikomo hicho, vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki vikome ifikapo 2025. Hata hivyo zimeshakutwa sokoni, katika nchi nyingi, krimu zenye maelfu ya miligramu kwa kilo.

Kwa macho au kwa pua huwezi kuitambua. Kinachoweza kukusaidia ni boksi. Ligeuze utafute maneno haya yaliyochapishwa: mercury, mercurous chloride, calomel, mercuric iodide, au herufi Hg. Halafu tafuta onyo moja la ajabu ambalo wengi hulipita: kwamba usiiguse krimu ukiwa umevaa dhahabu, fedha, aluminiamu au mpira. Shirika la Afya Duniani limelitaja onyo hilo kuwa ni dalili ya zebaki, kwa sababu zebaki hushambulia madini kama dhahabu na aluminiamu. Krimu inayokutaka uvue bangili kabla ya kuishika, shoga yangu, usiipeleke karibu na tumbo.

Cha pili ni haidrokwinoni, kwenye boksi huandikwa hydroquinone. Tofauti na vipodozi vingi ambavyo hubaki juu juu, hii hupenya sana: asilimia 35 hadi 45 ya inayopakwa huingia mwilini. Hakuna ushahidi thabiti kwamba imelemaza watoto, lakini kwa kitu kinachoingia kwa kiasi hicho, na kwa ajili ya doa litakaloondoka lenyewe, madaktari hushauri kuiacha wakati wa mimba. Kenya imepiga marufuku haidrokwinoni na zebaki katika vipodozi, basi ukiziona dukani Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, zimeingia kwa njia za panya.

Cha tatu ni steroidi kali, hasa klobetasoli na betamethasoni. Hizi ni dawa halali za ugonjwa wa ngozi, zinazoandikwa na daktari kwa sehemu ndogo na muda mfupi. Kwa kujichubua hutumiwa mwili mzima. Mapitio ya tafiti yamehusisha matumizi makubwa, zaidi ya gramu 300 kwa jumla katika mimba nzima, na watoto kuzaliwa na uzito mdogo. Kupaka mwili mzima mara moja huchukua kiasi cha gramu 20. Piga hesabu mwenyewe. Zaidi ya hayo steroidi hukondesha ngozi, na madaktari wa upasuaji wanajua taabu ya kushona ngozi ya namna hiyo, ikitokea umezalishwa kwa kisu.

Sasa kuacha. Zebaki na haidrokwinoni ziache leo hii. Steroidi uliyojipaka eneo kubwa kwa miezi mingi usiikate ghafla kwa shauri lako, kwa maana ngozi inaweza kuwaka na kuvimba, na mwili uliozoea steroidi ya nje huwa umepunguza kutengeneza ya kwake. Nenda na mkebe wenyewe kwa daktari akupunguzie kwa mpango. Ikiwa ni mkorogo na hujui umo nini, nenda siku hiyo hiyo, useme hivyo hivyo: sijui umo nini.

Mkebe unaoshukiwa kuwa na zebaki usiuchome moto, mvuke wake ndio sumu. Usiutupe baharini wala karibu na kisima. Funga kifuniko, utie ndani ya gudulia la kioo lenye kifuniko chake, uweke mbali na watoto, kisha muulize afisa wa afya ya umma pa kuupeleka. Fua taulo, mashuka na foronya mbali na nguo nyingine, na ufungue madirisha.

Hatua ya 3: Hina ibaki, piko liondoke

Hina yenyewe, jani lililosagwa, si adui wa mja mzito. Ni piko linaloleta balaa. Unga huo mweusi ni rangi ya nywele, na kemikali yake kuu ni parafenilinidayamini, ambayo kwa kifupi huitwa PPD. Umoja wa Ulaya unairuhusu kwenye rangi ya nywele isizidi asilimia 2, na kwenye ngozi hairuhusu kabisa. Sisi tunaichorea maua kutoka vidoleni mpaka kwenye kiwiko.

Mara ya kwanza unaweza usione kitu. Mwili unajifunza kuichukia kimya kimya. Mara ya pili au ya tatu, ua lote linainuka kuwa malengelenge, yanapasuka, yanaacha kovu lenye umbo lile lile la ua. Mzio huo ukishashika hauondoki maishani; rangi ya nywele ya kawaida itakuwashia, na hata baadhi ya rangi za nguo. Kidonda wazi ni mlango wa vijidudu, na dawa za kutibu mzio mkali ni jambo la kufikiriwa mara mbili kwa mwenye mimba.

Namna ya kujua ulichopakwa: hina halisi hutaka saa kadhaa, na ukiibandua huacha rangi ya chungwa inayokolea kuwa nyekundu ya kahawia siku ya pili. Ikitoka nyeusi ndani ya saa moja, hiyo si hina. Inuse pia kabla hujapakwa. Hina hunuka majani; ikikupiga harufu ya petroli, tina ya rangi au mafuta ya taa, imetiwa kimojawapo ili rangi ishike haraka, nawe utaivuta kwa saa zote utakazokaa nayo. Mwambie fundi achanganye mbele yako, kwa ndimu au maji ya chai. Fundi mzuri hakasiriki kuombwa hivyo.

Tena kuna jambo la kliniki ambalo halisemwi vya kutosha. Muuguzi hutazama viganja vyako kujua kama damu ni pungufu, na wakati wa kuzaa hubana kidole chako kwa kifaa cha kusoma oksijeni. Kiganja chekundu kwa hina huficha weupe wa upungufu wa damu, na kucha yenye piko au rangi nzito inaweza kukivuruga kifaa. Karibu na siku zako acha angalau vidole viwili vitupu. Kama viganja vimeshajaa hina, mwambie atazame ndani ya kope.

Hatua ya 4: Wanja

Wanja wa manga unaong'aa, ule wa mawe yaliyosagwa, mara nyingi ni salfaidi ya risasi. Baadhi ya wanja uliopimwa nje ya nchi umekutwa nusu yake na zaidi ni risasi. Risasi haina kiwango kinachojulikana kuwa salama. Jicho hulia, mkono hufuta, mkono huenda mdomoni, na huko ndiko hasa inakoingilia. Kwa mwenye mimba kuna ubaya wa ziada: risasi ya miaka iliyopita imelala mifupani, na mwili unapovunja mfupa kumtafutia mtoto kalsiamu, hutoka nayo.

Basi acha wanja wa mawe kabisa. Kama huwezi kutoka bila wanja, tumia penseli ya kiwandani yenye orodha ya viambato na alama ya ubora. Ule wa masizi ya taa uliotengenezwa nyumbani hauna risasi ikiwa kweli ni masizi matupu, lakini ukiuziwa sokoni huwezi kujua umechanganywa na nini. Na ule chakula vizuri: kalsiamu na madini ya chuma ya kutosha hupunguza risasi inayonywewa na utumbo. Maziwa, dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao, mchicha, na vidonge vya chuma vya kliniki ambavyo wengi huviacha ndani ya zidaka.

(Na kwa kuwa tumetaja samaki: zebaki ipo pia katika samaki wakubwa wawindao, kama papa na sulisuli. Mja mzito apunguze hao, ale tasi na changu. Lakini asiache samaki, la hasha.)

Hatua ya 5: Udi, ubani na manukato

Hapa urembo na mila hukutana, na ndipo ushauri mwingi unapoharibika kwa kuamrisha. Sisemi nyumba isifukizwe. Nasema moshi ni moshi: chetezo kina mkaa, na mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu inayokamata damu ya mtoto tumboni kwa nguvu kuliko inavyokamata ya mama. Nyumba zetu za mawe zina kuta nene na vyumba vya ndani visivyo na upepo, na moshi ukiingia humo hukaa.

Kwa hiyo zifukizwe nguo, usifukizwe wewe. Chetezo kiwekwe uani, kanga zitandazwe juu ya tenga, wewe uje kuzivaa moshi ukishatoka. Kusimama juu ya chetezo moshi upande ndani ya nguo uache mpaka uzae, na mafusho ya sehemu za siri usiyafanye kabisa, si sasa wala wakati wa arobaini.

Ugumu ni mavyaa. Yeye anakufukizia kwa mapenzi, na kumwambia udi wake ni sumu ni kumvunjia heshima. Sema neno litakalompa kazi: "Mama, kliniki wamenikataza kukaa kwenye moshi mpaka nijifungue. Naomba unifukizie kanga zangu huko uani, hakuna azifukizaye kama wewe." Wengi wataitika. Akigoma, mwite mumeo azungumze na mamake. Hiyo si kazi yako peke yako.

Manukato ya chupa na mafuta mazito, miski na wenzake, huweza kuwa na ftaleti, ambazo husaidia harufu idumu. Kwenye lebo huzikuti; hujificha nyuma ya neno parfum au fragrance. Uchambuzi wa mwaka 2022 uliokusanya tafiti 16 za Marekani, zenye wajawazito zaidi ya 6,000, ulikuta kwamba waliokuwa na aina kadhaa za ftaleti nyingi zaidi mwilini walielekea zaidi kuzaa kabla ya siku. Huo ni uhusiano, haujathibitisha kwamba chupa fulani ilisababisha. Kwa busara yangu hilo latosha kuweka manukato fungu la pili: tone kwenye nguo badala ya shingoni, na siku za kawaida asumini na kikuba vinatosha na kuzidi.

Hatua ya 6: Nywele na kucha

Nitapita upesi, maana hatari ni ndogo kuliko uvumi. Rangi ya nywele na rilaksa huingia mwilini kidogo sana kama ngozi ya kichwa ni nzima. Wengi husubiri miezi mitatu ipite, na ni tahadhari ya bei nafuu. Usiweke rilaksa kwenye kichwa chenye vidonda, na usijikune siku moja kabla. Kinachostahili kukataliwa ni dawa za kunyoosha nywele kwa pasi ya moto zinazotoa formaldehaidi: zikikutoa machozi saloni nzima, toka. Rangi ya kucha ipakwe mlangoni penye upepo.

Kama wewe ndiye msusi, unayevuta hayo kutwa, mambo hubadilika. Vaa glavu, fungua mlango na dirisha, chukua kazi za kusuka kuliko za kemikali, na umwambie mkunga kazi yako ni ipi.

Hatua ya 7: Usafi wa ndani

Usijisafishe ndani ya uke kwa sabuni, dawa ya kuua vijidudu, ndimu wala shabu. Uke hujisafisha, na ukiuvuruga unakaribisha maambukizi, na maambukizi ni moja ya sababu za uchungu kuja mapema. Nje, maji yatosha. Ute unaonuka au kuwasha ni wa kumwonyesha muuguzi, si wa kufunikwa na manukato.

Hatua ya 8: Vilivyobaki bafuni

Sasa parabeni. Huhifadhi losheni isiote ukungu, jambo ambalo katika joto na unyevu wetu si dogo. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha asilimia 0.4 kwa parabeni moja na 0.8 kwa mchanganyiko, na tano kati yake ukazipiga marufuku mwaka 2014. Ukiweza kununua losheni isiyo nazo, nunua. Usipoweza, usikose usingizi.

Triklosani ni ya kuacha, maana haina faida. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliiondoa kwenye sabuni za kunawa mwaka 2016, pamoja na kemikali nyingine 18, kwa kuwa watengenezaji walishindwa kuonyesha kwamba zinasafisha kuliko sabuni ya kawaida na maji.

Dawa za chunusi zichunguze zaidi. Chochote chenye retinoli au tretinoini weka kando. Vidonge vya isotretinoini ni hatari ya wazi, hulemaza mtoto. Ukishika mimba ukiwa unavimeza, acha na uende hospitali siku hiyo. Asidi ya salisili ya kunawia uso, isiyozidi asilimia 2, haina neno. Poda ya talki usiivute puani wala kuinyunyiza sehemu za siri.

Bidhaa yenye alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, unaweza kuihakiki kabla ya kulipa: tuma ujumbe wenye SM# na namba ya kibali iliyo chini ya alama kwenda 20023, na jibu likitaja bidhaa nyingine, rudisha kitu rafuni. Alama huchapishwa na yeyote mwenye mashine.

Hatua ya 9: Fungu la kuendelea nalo

Lisiwe dogo, maana mja mzito hana sababu ya kukaa kama mfiwa. Mafuta ya nazi uliyoyakamua mwenyewe au unayemjua mkamuaji. Mafuta ya simsim. Liwa iliyosuguliwa kwa kipande cha msandali juu ya jiwe, mbele yako, kwa maji ya waridi. Ile ya unga wa pakiti yenye manjano ya kung'aa mno naiacha uiamue wewe, mimi siinunui. Sabuni ya kipande isiyo na harufu. Mafuta makali ya karafuu au mkaratusi usijipake bila kuyachanganya na mafuta mengine, yanaunguza.

Na dawa ya mbu ya kujipaka yenye DEET, asilimia 20 hadi 30, iko fungu hili pia. Nalisema kwa sauti kwa sababu wapo wanaoitupa pamoja na krimu kwa kuwa nayo ni kemikali. Malaria ya mimba huua mama na mtoto. Jipake mikono na miguu iliyo wazi, nawa ukirudi ndani, na ulale ndani ya neti yenye dawa.

Hatua ya 10: Kliniki

Mficha uchi hazai. Piga picha lebo zote za fungu la kwanza, au chukua mikebe yenyewe, uende nayo kliniki yako, iwe hospitali ya King Fahd au zahanati ya kisiwani kwenu. Sema umetumia nini, wapi mwilini, na kwa muda gani. Ukiona aibu mbele za watu, omba kuzungumza faragha. Ni haki yako.

Umuhimu wake ni huu. Zebaki huharibu figo, protini ikaonekana kwenye mkojo, na inaweza kupandisha presha. Kifafa cha mimba nacho huanza kwa dalili hizo hizo. Daktari asiyejua kuhusu krimu atatibu kimoja akiacha kingine. Mwambie pia kama mikono inatetemeka, huna usingizi, una ganzi au mdomo una ladha ya chuma. Kuna vipimo vya damu na mkojo vya zebaki na risasi. Kama hapo ulipo havipatikani, uliza sampuli hupelekwa wapi. Kichwa kinachouma sana, macho kuona ukungu, uso kuvimba, malengelenge yanayoenea au kupumua kwa shida, hayo hayangoji siku ya kliniki, hata ikibidi kutafuta boti usiku.

Baada ya kuzaa

Uliyoyaacha usiyarudie ukinyonyesha. Zebaki na risasi hupita kwenye maziwa. Usipake krimu yoyote ya harufu kwenye chuchu.

Kwa mtoto kuna mambo matatu. Wanja usipakwe machoni wala kuchorwa nyusi, na si kwenye kitovu. Akitaka nyanya yake kumkinga na jicho, kuna dua. Hina asipakwe. Na nguo zake zilizokuwa za kaka zake, zilizokaa kashani na vile vidonge vyeupe vya kuzuia nondo, zifuliwe na kuanikwa juani na upeponi mpaka harufu iishe kabisa, au zisitumike. Sababu ya hina na vidonge ni moja: pwani yetu watoto wengi, hasa wa kiume, huzaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, urithi unaopatikana sana kunakokaa malaria. Naftalini ya vidonge hivyo, hata kwa kuvuta harufu au kugusa nguo, na rangi ya hina kupitia ngozi laini, huweza kuvunja chembe nyekundu za damu ya mtoto kama huyo.

Akigeuka manjano machoni, akipauka, akilegea na kukataa ziwa, au mkojo ukiwa wa rangi ya chai ya rangi, usimweke juani ukangoja. Mpeleke siku hiyo hiyo, na jambo la kwanza kumwambia daktari liwe kwamba alipakwa hina au alivishwa nguo za kashani, ili apime kiwango cha manjano, wingi wa damu na G6PD bila kupoteza muda.